Sikumkataa Shaaban Robert, nilifanywa nimkatae

Wiki hii mmeuliza ni mwandishi gani wa hadithi za ajabu tuliyemkataa kabla ya kumsoma, na kilichotubadili ni nini. Wangu ni Shaaban Robert. Ila mimi nilimkataa baada ya kusomewa, na naona hilo ni jambo jingine.

Kidato cha pili tulikuwa na nakala moja ya kitabu chake Kusadikika, darasa zima. Mwalimu akisoma, sisi tunaandika. Nchi inayoelea hewani, ambayo mtoto yeyote angetamani kujua watu wake wanachota wapi maji, kwetu iligeuka orodha ya majina: wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine, wakarudi wakatiwa gerezani. Siku moja mvua inapiga bati, mwalimu anapaza sauti, akaniinua niwataje kwa mpangilio. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni… nikakwama. Akasubiri. Rafiki yangu wa dawati la nyuma akaninong'oneza, mvua ikameza jina. Nikarukia Amini. Fimbo nne, mkono wa kushoto, maana wa kulia ni wa kuandikia. Jina lililonipotea ni Ridhaa. Miaka ishirini na ushei sijalisahau, na miaka hiyo yote sikugusa kitabu cha mzee yule. Mtu akimsifu, nilikuwa na jibu: majini, wafalme na mawaidha, watu wake si watu, ni tabia zilizovishwa kanzu.

Mwaka jana umeme ulikatika, binti yangu akadai hadithi. Kwenye vitabu vya marehemu baba kulikuwa na Adili na Nduguze. Tukasoma kwa tochi ya simu. Ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, walimtosa baharini. Jini akawageuza manyani, na kila usiku Adili lazima awachape, naye anawahurumia. Binti yangu akanishika mkono, ule ule wa kushoto: "Baba, kama anawahurumia, mbona anawachapa?"

Sikuweza kuendelea kusoma usiku ule.

Tangu hapo nimemaliza Adili, nikasoma Kufikirika, na sasa naona nilichonyimwa. Mwaka 1951, akiwa karani wa serikali ya Mwingereza, mtu huyu alichapisha Kusadikika, kisa cha Karama anayeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Akakiweka hewani, palipo mbali na mkono wa bwana mkubwa. Darasani hakuna aliyetuambia hivyo.

Nilianza kuandika haya nikiwa na hasira na mwalimu. Lakini nakala ile moja ilikuwa yake mwenyewe. Alikuja nayo kila kipindi ndani ya mfuko wa plastiki, isilowe. Fimbo simsamehe. Kitabu, inabidi nimshukuru.

Na bado nasema Adili ni mwema kupita kiasi, na mtu aliyepewa jina la Hasidi tangu utotoni angefanya nini? Nilitaka kumalizia kwamba vitabu hivi viondolewe kwenye mitihani. Sasa sina hakika, maana nje ya shule wengi wetu tungekutana navyo wapi? Labda vibaki, majina yasikaririshwe.

Juzi nimeanza Kusadikika upya, polepole, mwenyewe. Jana usiku nimefika kwa Ridhaa.