Ekseli ya mbele ikivuja, sili ni ya mwisho kulaumiwa

Ukichungulia nyuma ya tairi la mbele la pikapu ukakuta upande wa ndani wa rimu umelowa mafuta meusi, na mchanga umegandia juu yake, fundi wa kwanza utakayemwonyesha atakwambia, "Ni sili tu hiyo, bosi." Anasema kweli nusu. Sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke, imekufa, sawa, lakini kuna kilichoiua, na huku Malindi washukiwa wakubwa ni watatu: briza (tundu la kupumulia la ekseli) iliyoziba, beringi za kingpini (egemeo la juu na chini ambalo gurudumu hugeukia ukikata usukani) zilizolegea, na shafti (mti wa chuma unaozungusha gurudumu) iliyochimbika. Weka sili mpya uwaache hao, na mafuta yatatoka tena kabla hujamaliza deni la spea.

Maelezo haya ni ya magari yenye ekseli nzima mbele: Hilux za zamani zenye springi za majani, kama LN106, na Land Cruiser 75 na 79. Hilux za baadaye zenye shafti mbili za pembeni na mipira yake zina ugonjwa mwingine.

Kwanza jua ni mafuta gani. Futa kila kitu kwa tambara lenye mafuta ya taa, endesha siku moja, kisha rudi uangalie na unuse. Oili ya difu, yaani ya gia za ndani ya ekseli, ni nyepesi na ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea. Ikitiririka chini ya naka (kibebeo cha gurudumu kinachogeuka na usukani), pale inapoungana na lile tufe la chuma mwishoni mwa ekseli, sili ya ndani imeachia: oili ya difu imeingia ndani ya naka, imeyeyusha grisi, na mchanganyiko wote unatafuta njia ya kutokea. Grisi ikionekana kwenye diski au nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu), hiyo ni sili ya habu, na gari litaanza kuvuta upande mmoja ukikanyaga breki. Majimaji mepesi yanayobambua rangi ni ya breki, yametoka kwenye kalipa (kibanio cha pedi za breki), wala ekseli haihusiki. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe si kosa. Uache, ndio unaolizuia lisishike kutu.

Fungua pia nati ya kujazia difu, utie kidole. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo hakuna kusubiri mwisho wa mwezi.

Sasa briza. Ni kile kikofia kidogo juu ya ekseli, na ndicho kitu rahisi kuliko vyote na kinachosahaulika kuliko vyote. Difu ikipata moto hewa ya ndani hutanuka. Kama briza imeshikana kwa kutu na chumvi, hewa itajitafutia njia kwenye midomo ya sili na kusukuma oili nje. Ubaya zaidi unakuja ukiingia majini. Toka Malindi na mzigo hadi upande wa Garsen msimu wa mafuriko ya Tana, uingize ekseli yenye moto kwenye maji: inapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na sili zinavuta maji ndani. Dawa yake ni ya bei ndogo. Toa briza ya zamani, nenda nayo dukani ulinganishe uzi, uweke nipeli ya mpira wa petroli, kisha upandishe mpira huo mpaka juu kwenye boneti na ufunge kichujio kidogo cha petroli mwishoni. Acha ulegevu wa kutosha ekseli ipande na kushuka bila kuunyofoa. Anayebadilisha sili bila kugusa briza amefanya nusu ya kazi.

Kingpini hupimwa hivi. Inua gurudumu, na kwenye mchanga weka ubao mnene chini ya jeki. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ushike tena. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi za habu, kwa sababu breki imeifunga habu na naka zikawa kitu kimoja. Ukibaki, beringi za kingpini zimekwisha. Hizo zikilegea, naka inahama kidogo, shafti inakaa upande, na mdomo wa sili unaliwa upande mmoja tu. Ndiyo sababu sili mpya haidumu. Usukani unaotetemeka vibaya ukivuka kilomita 60 au 70 kwa saa mara nyingi unatokana na hapo hapo.

Mkosaji wa tatu utamwona ekseli ikishafunguliwa: pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, ama utafute shafti nyingine, ama sili mpya ikae kina tofauti kwa milimita moja au mbili ili mdomo ushike mahali pazima.

Magari ya samaki yaangaliwe zaidi. Maji ya barafu yenye chumvi hupenya kwenye bodi na kudondokea ekseli siku nzima, na wanaobeba chumvi upande wa Gongoni na Marereni wana shida ile ile. Tufe linaliwa vishimo, na vishimo hivyo vinachana mpira wa kufutia tufe. Lisugue kwa msasa laini wa maji, namba 400, mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Nunua kila kitu kabla ya kufungua. Kila upande unataka sili ya ndani, sili ya habu, seti ya kufutia tufe (felti, mpira na pete ya chuma), beringi 2 za kingpini, gasketi za stabu (mhimili unaobeba habu) na za fri-wili (kifungio kinachounganisha habu na shafti), na washa mpya ya kufuli. Beringi za habu ni 2 kwa kila upande, ubadilishe zikiwa na madoa au rangi ya buluu ya joto. Kwa pande zote mbili weka grisi ya moli (yenye molybdenum) kilo 2, oili ya gia 80W-90 ya GL-5 lita 3, na mafuta ya taa ya kuoshea. Boksi (spana ya soketi) ya milimita 54 ya nati za habu ni lazima. Nati ya habu iliyofunguliwa kwa patasi na nyundo huacha chembe za chuma ndani ya beringi, na kesho yake fundi huyo huyo anashangaa mbona inalia.

Mwaga oili ya difu. Kalipa ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake. Studi za fri-wili zina washa za koni. Usizichokonoe kwa bisibisi, gonga pembeni kwa nyundo ya shaba zitaruka zenyewe. Toa sakilipu (pete ya kubania mwisho wa shafti), kunjua washa ya kufuli, fungua nati za 54, vuta habu. Stabu ikitoka, zungusha shafti mpaka ule ubapa wa jointi (kiungio cha shafti kilicho ndani ya naka) uangalie juu, ndipo itapita. Ukifungua kingpini utakuta shimu, vibati vyembamba. Funga kila kimoja na mahali pake, uandike juu kushoto, chini kulia. Ukizichanganya naka itatoka kwenye mstari, na hakuna sili itakayokaa.

Osha mpaka chuma kiwe cheupe. Angalia jointi: gololi zenye vidonda au kizimba chenye ufa ndizo zinazogonga ukikata kona kali kwenye foowili.

Sili ya ndani, ukishapima kingpini kama ilivyoelezwa hapo chini, inaingia mdomo ukiangalia difu, umepakwa grisi. Pete za kufutia tufe zivishwe kabla ya naka kurudi; ukisahau unafungua yote upya. Wakati wa kurudisha shafti, ibebe kwa mkono isiegemee sili, maana meno yake yanakata mdomo mpya, halafu lawama inakwenda kwa duka. Jaza naka grisi robo tatu, isijae kabisa.

Kwa kukaza, kuna kifaa ambacho Malindi hakikosekani: mizani ya ndoano ya kupimia samaki. Kaza nati za kingpini kwa Nm 96 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), bila sili, bila shafti, bila pete za kufutia kubana tufe. Tia ndoano kwenye tundu la mkono wa usukani uvute kwa pembe mraba. Kwa Hilux naka ianze kugeuka mizani ikisoma kati ya kilo 3 na 6. Ikiwa nyepesi punguza shimu, ikiwa nzito ongeza. Ukiridhika ndipo utie sili na shafti. Habu nayo: kaza nati ya ndani kwa Nm 59, zungusha huku na huku beringi zikae, legeza mpaka igeuke kwa vidole, kaza tena kidogo kidogo. Ndoano kwenye studi ya gurudumu isome kilo 2.8 hadi 5.6. Funga nati ya nje kwa Nm 64, halafu pima tena, kwa sababu nati ya nje husukuma ile ya ndani. Kunja washa upande mmoja ndani, mwingine nje.

Pedi zilizolowa mafuta hazioshwi kwa petroli. Tupa, weka mpya pande zote mbili.

Ukiendesha kilomita 20 hivi, shika habu. Vuguvugu ni sawa. Kiganja kikishindwa kukaa, umekaza mno, rudi ulegeze. Baada ya kilomita 500 kaza tena nati za kingpini na upime oili ya difu.

Kama umekwama njiani kwenda Mokowe na huwezi kufungua leo, na pedi ni kavu, ongeza oili mpaka mdomo wa tundu, toa fri-wili kwenye kufuli, uendeshe kwa magurudumu ya nyuma. Shafti za mbele zikisimama, oili hairushwi tena kwenye sili na mvujo unapungua. Beba lita moja ya akiba na upime kila unaposimama.