Maswali na majibu: Tajeni majina kwanza, bei baadaye

Barua zinazouliza "kujenga mita moja ya mraba ni dola ngapi Goma?" tumeziweka kando zote, tena. Andikeni kiwanja kiko kwartie (mtaa) gani, gari la mchanga linafika wapi, na chini mna lava ngumu au majivu. Bila hayo, kila bei utakayopewa ni bahati nasibu.

Nimepata ofisi ndogo ya wasanifu vijana wanaosema wanajenga kwa kuheshimu mazingira. Nitajuaje kama wanaijua kazi? (msomaji wa Himbi, Goma)

Picha za kompyuta ziweke pembeni, Papa. Siku hizi kila mtu anaweza kukuchorea jumba lenye mimea juu ya paa. Wewe uliza watu.

Ofisi ya namna hiyo, hata iwe ndogo vipi, inahitaji msanifu, injinia anayepiga hesabu ya vyuma na kuitia sahihi, metreri anayehesabu vifaa, na shefu wa shantie, yaani msimamizi wa ujenzi, anayeshinda pale. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili. Akibeba zote nne, mojawapo haifanyiki, na mara nyingi ni hesabu ya vyuma. Ukiambiwa "injinia tunaye" bila kutajiwa jina, jua hayupo. Halafu kuna fundi wa mawe, ambaye hamumuulizi kabisa, na ndiye atakayegusa kila jiwe la nyumba yako.

Waombe wakuonyeshe nyumba waliyoimaliza miaka mitano iliyopita, si ile iliyopakwa rangi juzi. Uliza nani atasimama pale siku ya kumwaga beto (zege), kuanzia gunia la kwanza mpaka la mwisho. Uliza kipimo. Kwa nguzo na mihimili jibu ni kilo 350 za simenti kwa mita ya ujazo, yaani magunia 7 ya kilo 50, na maji yasizidi lita 25 kwa gunia, ukihesabu na unyevu uliomo kwenye mchanga. Fundi akiongeza bido (dumu) la maji ili beto iteremke bila jasho, nguvu inateremka nayo. Tena kokoto yetu ya lava ina matundu na inakunywa maji: imwagiwe kabla ya kuchanganya, la sivyo itanyonya maji ya simenti. Kisha beto ibaki na unyevu siku 7. Watu wengi wanamwagia mara moja jioni na kwenda zao.

Lipa kwa hatua: msingi, kuta, shenaji ya juu (mkanda wa beto na vyuma unaozunguka kuta), paa. Zuia asilimia 5 ya malipo mpaka mwaka mzima wa mvua upite. Ofisi inayokasirika kwa sababu ya asilimia 5 imekwisha kukujibu.

Matofali ya udongo wa kushindiliwa ndiyo ya kisasa. Niyaagize kutoka wapi? (Ndosho)

Mama, udongo gani Ndosho? Mmekaa juu ya lava. Kuleta malori ya udongo kutoka Masisi ili ujenge "kwa udongo wa nyumbani" ni kuchoma mafuta kwa ajili ya jina tu.

Tunajua swali linatoka wapi. Tangu msanifu Francis Kéré apewe Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo, mwaka 2022, kila mtu anataka ukuta wa udongo. Shule yake ya kwanza, iliyokamilika 2001 kijijini Gando, Burkina Faso, ni ya udongo kwa sababu Gando kuna udongo, na wanakijiji wenyewe waliijenga. Cha kuiga kwake ni paa: mabati yameinuliwa juu ya dari ili joto litoke, na ukingo ni mrefu ili mvua isiguse ukuta.

Kama mnataka mfano wa karibu, upo ng'ambo ya mpaka, hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa 2011. Kuta zake ni mawe ya volkano ya Virunga, ndugu wa haya mnayolipia kuondolewa viwanjani. Wasanifu wa MASS Design Group walichora, ndiyo, lakini uzuri wa ukuta ule umetoka mikononi mwa waashi wa pale waliojifunza kuchonga na kukutanisha jiwe kwa jiwe. Hilo halipakuliwi kwenye simu.

Wasomaji wa Bukavu, nyinyi mna udongo. Jaza udongo theluthi moja ya chupa, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho. Tabaka laini la juu likiwa kati ya asilimia 15 na 30 ya udongo wote, unafaa. Changanya simenti asilimia 5 hadi 8, matofali yakae kivulini na unyevu wiki mbili, na usiyajengee kabla ya siku 28.

Ukuta wangu wa mawe umetoa tumbo baada ya mitetemeko ya 2021. Nipige plasta nyingine? (Majengo)

Usipige plasta. Unaficha ugonjwa.

Fundi wako alijenga kuta mbili nyembamba zilizopeana mgongo, katikati akajaza vipande na takataka. Ardhi ilipotetemeka baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, kila upande ukaenda zake. Ukuta wa sentimita 40 unadai mawe ya kupita, yanayotoka uso mmoja hadi wa pili: moja kila sentimita 60 kwenda juu, na kila mita 1.20 kwenda pembeni. Pembe zishonwe kwa mawe marefu yanayopishana. Halafu shenaji tatu: juu ya msingi, usawa wa linto (juu ya milango na madirisha), na chini ya paa, vyuma vinne, etrie (pete za chuma zinazovifunga) kila sentimita 15 hadi 20. Kwenye pembe vyuma vya mm 12 vipishane kwa sentimita 60. Vikikutana ncha kwa ncha tu, shenaji hiyo ni pambo.

Sehemu yenye tumbo ibomolewe na kujengwa upya, na paa lishikiliwe kwa nguzo za mbao kwanza. Hesabu ya simenti: mita ya ujazo ya ukuta wa mawe hula magunia 2 hivi. Fundi akidai 4, ama hajui kupanga mawe, ama magunia yanapanda chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) usiku.

Paneli mbili za jua zinatosha kuiita nyumba ya kiikolojia? (Katindo)

Hapana.

Kiwanja chetu kiko bondeni na watu wanasema kuna mazuku, gesi ya kuua inayotoka ardhini. Fundi alishusha taa ya moto shimoni, haikuzimika. Tuendelee na chumba cha chini? (Mugunga)

Simamisheni kazi leo. Mazuku ni kaboni dioksidi, na mtu anaweza kuzimia ndani yake kabla moto haujazimika; taa kuendelea kuwaka haithibitishi chochote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inajikusanya bondeni usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na mchana fundi hataiona. Inapimwa kwa kifaa, kwa siku tofauti, alfajiri. Kituo cha volkano cha Goma, OVG, kinalijua jambo hili, nendeni. Chumba cha chini kisahauni kabisa, na madirisha ya chini hayaokoi nyumba iliyokaa ndani ya bonde lenye gesi. Msanifu aliyechora chumba cha chini Mugunga bila kupima, mbadilisheni.

Maji ya mvua tunachemsha, tunakunywa. Kuna shida? (Virunga)

Moshi wa Nyiragongo unaleta asidi na floridi kwenye mvua. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi inabaki, tena inazidi kukolea maji yanapopungua sufuriani. Klorini nayo haiigusi. Moshi ukielekea kwenu, maji ya paa yawe ya kufulia na kusafishia. Mabati nayo yanaliwa, kwa hiyo msinunue yale membamba.

Kwa hesabu: milimita 10 za mvua kwenye paa la mita 80 za mraba ni lita 800, toa kidogo kwa upotevu. Lita 80 za kwanza zimwagwe kila mara, kwa mrija wa pembeni. Watu 6 kwa lita 20 kila siku, miezi miwili ya kiangazi, wanahitaji tangi la lita 7,200. La lita 1,000 litawachosha.

Mbao za nyumba tupake mafuta machafu ya motere? (Birere)

Birere, mahali moto unaporuka nyumba hadi nyumba? Hapana. Kausheni mbao kivulini, ziinueni sentimita 40 kutoka ardhini, juu ya msingi wa mawe, na ulizeni zimetoka shamba la nani. Zisitoke mbugani.

Nimemaliza masomo ya usanifu. Nianzishe ofisi na rafiki yangu, msanifu pia? (Kyeshero)

Mdogo wetu, wachoraji wawili hawatoshi. Mmoja wenu ampishe injinia, na mkubaliane na fundi wa mawe kabla ya kununua printa. Andikeni nani anatia sahihi, nani anashika pesa, na nani analipwa kwanza mteja akichelewa. Pesa za vifaa vya mteja zikae mbali na mishahara yenu. Ofisi nyingi ndogo zinafia hapo, simenti ya mteja mmoja ikilipia vyuma vya mwingine. Na mteja akikataa kulipia hesabu ya vyuma, msimchoree.