Maneno tuliyoyabuni mlangoni mwa daladala

Mleta mada, umesema kazini kwenu mna maneno yenu wenyewe, na mkubwa wenu anawagombeza kwamba mnaharibu Kiswahili. Ofisi siijui. Lakini nilikuwa konda miaka sita, Ubungo–Kariakoo kupitia Manzese, Dar es Salaam, mpaka mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 tukaondolewa Barabara ya Morogoro. Kwa niliyoyaona huko, mkubwa wenu namkatalia.

Konda yuko mlangoni, suka yuko kwenye usukani, katikati kuna abiria waliobanana na masikio yao yote. Mna ya kuambizana ambayo hayafai kusikika, na nafasi yenu ni pumzi moja. Hapo neno linazaliwa lenyewe. Trafiki wanavaa nyeupe, basi kwetu wakaitwa maziwa. Mnapishana na gari la wenzenu Magomeni, konda wao anapaza sauti, "Maziwa yanachemka Mwembechai!" Suka ameshaelewa kwamba mbele kuna ukaguzi, na abiria wanadhani ni salamu.

Ninalolipenda kuliko yote ni mlalanauli. Unapita unachezesha sarafu kiganjani, noti umezikunja kwa urefu katikati ya vidole. Siti ya dirishani kuna mtu ambaye pale Manzese alikuwa anabishana kwenye simu kwa sauti ya juu. Sasa kafumba macho, kichwa kakiegemeza kiooni. Ukimgusa bega anakoroma. Suka wangu, mzee wa Kipogoro, mpole, asiye na maneno mengi, alimtazama kwenye kioo chake akasema taratibu, "Huyo si mlalahoi. Huyo ni mlalanauli." Nilicheka mpaka nikakosea chenji ya mtu.

Kesho yake kituo kizima kilikuwa nalo. Wiki haikuisha likazaa: kulalanauli, ulalanauli, "usinilalie nauli bwana." Na hakuna aliyefundishwa wingi wake. Kila mtu alisema walalanauli, kwa sababu mlalahoi alishatutengenezea njia. Sasa niambie, hapo Kiswahili kimeharibikaje? Mimi naona kilikuwa kinapumua.

Kwani daladala lenyewe lilitoka wapi? Sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala, na miaka ya 1980 nauli ilikuwa hiyo hiyo tano, makonda wakawa wanaita "dala, dala!" Yale magari ya zamani ambayo abiria walikaa wanatazamana kama wako mgahawani yakaitwa chai maharage. Hiace ikaitwa kipanya. Anayeshikilia gari la mwenzake kwa siku moja ni deiwaka. Yote hayo ni ya watu waliokuwa kazini, na leo daladala linatamkwa mpaka bungeni.

Ila kuna moja nalijutia. Abiria mwenye mwili mkubwa tulimwita mbili kwa moja, na tukilisema mbele yake tukijua haelewi. Mama mmoja muuza dagaa, tuliyekuwa tukimchukua karibu kila alfajiri, siku hiyo alipofika kituoni kwake alinishika mkono kabla hajashuka. "Mwanangu, hiyo mbili kwa moja najua ni mimi." Hakufoka. Alinipa nauli yake kamili, akabeba ndoo yake akaenda. Jioni nilimweleza suka. Akazima injini kwanza, ndipo akasema, "Tusiliseme tena." Hatukulisema tena, na makonda wengine waliolichukua kwetu tuliwafuata mmoja mmoja kuwaomba waliache.

Kwa hiyo kwenye maneno yenu mimi ningechunguza hilo tu: yupo anayesemwa ambaye akielewa ataumia? Kama hayupo, endeleeni kubuni, na mgeni akija kazini mfundisheni siku ya kwanza ili asijione yuko nje ya kundi.

Mwaka jana nilikuwa abiria kwenye gari la Mbezi. Konda, kijana ambaye hata tulipoondoka njia ile alikuwa bado mtoto, akamwambia dereva wake, "Nyuma huku nina walalanauli wawili." Nilimuuliza neno hilo kalitoa wapi. Akanishangaa. "Si ndivyo wanavyoitwa, mzee wangu?"

Niliposhuka tu nikampigia suka wangu, ambaye siku hizi analima kwao Mahenge, nikamsimulia. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa hao wawili, walilipa?"