Shogayaki sio kitimoto, usiipike kama kitimoto

Mimi nimekulia kwenye kitimoto, ile inayokatwa mapande na mfupa wake, inachemshwa na ndimu na kitunguu swaumu mpaka maji yakauke halafu inajikaanga kwa mafuta yake yenyewe, pembeni ndizi na kachumbari. Kwahiyo nilivyofika Japani kusoma nilijua nguruwe hakuna wa kunifundisha. Nikasikia kuna kitu kinaitwa shogayaki, yaani nguruwe wa tangawizi (shoga kwao ni tangawizi, haya cheka umalize tuendelee). Nikakata nyama kama ya mishikaki, nikamwaga soya sosi tangu mwanzo, nikafunika. Nyama ikatoka ngumu kama soli, chumvi kali, na fraipani nililisugua siku mbili.

Kilichonikomboa ni kibarua. Mwanafunzi wa kigeni kule unaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, mimi nikapata kuosha vyombo kwenye kimgahawa cha chakula cha mchana Nagoya, na sinki langu lilikuwa linatazamana na jiko. Jamaa alikuwa anapika shogayaki na sahani inatoka hata dakika tano hazijafika.

Siri ya kwanza nyama iwe nyembamba, kama milimita 3 hivi, sehemu ya mgongoni wanaiita rosu ina ukanda wa mafuta pembeni. Supamaketi zinauza imeshakatwa kabisa, nenda jioni karibu na kufunga wameshabandika stika za nusu bei. Pale kati ya mafuta na nyama kuna kautepe keupe, kachanje kwa ncha ya kisu sehemu tatu nne, usipokachanja kakipata moto kanajivuta na kipande kinajikunja kama jani kavu, katikati hapagusi fraipani. Halafu ipake unga wa ngano kidogo sana, kama vumbi tu, ndio utakaoishika sosi.

Sosi ya watu wawili, kama gramu 250 za nyama: vijiko viwili vya chakula vya soya sosi, viwili vya mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia), kimoja cha sake (pombe ya mchele ya kawaida), na tangawizi mbichi ukubwa wa dole gumba ikwanguliwe hapo hapo kwenye greta. Ya unga achana nayo, hiyo weka kwenye chai. Mirin ukikosa tia sukari kijiko kimoja cha chai na maji kidogo, haitafanana sana lakini inalika.

Moto wa wastani kwenda juu, mafuta kidogo, tandaza vipande visipandane, geuza, na wekundu ukiisha kabisa ndio umwage sosi, sio kabla! Mwanzo inatoa mapovu makubwa makubwa, baadae yanakuwa madogo mazito na nyama inaanza kung'aa. Hapo zima. Ukisubiri nusu dakika nyingine sukari inaungua na umerudi kwenye kusugua.

Inaliwa na wali mweupe na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama uzi. Mambo ya kabichi mbichi na nguruwe wengi wanasema yalianzia Rengatei, mgahawa wa Ginza, Tokyo uliofunguliwa 1895, wao walikuwa wanaiweka na nguruwe wa kukaanga. Mimi kabichi mbichi nilikuwa naona ya sungura, lakini iloweke dakika kumi kwenye maji ya barafu uikaushe vizuri, halafu ichovye kwenye ile sosi iliyobaki kwenye sahani, utaniambia.

Likizo nilivyorudi Arusha nikaenda buchani nikaomba steki isiyo na mfupa, anikatie milimita 3. Yule kaka akaniangalia, "Bosi, hiyo unataka ya kula au ya kusomea gazeti?" Nikachukua kilo nzima, nikaiweka friza saa moja na nusu ikakaza kidogo, nikakata mwenyewe.