Azimio la kazi ni lako: kwa mwalimu mpya wa Kanda ya Ziwa

Karibu Mwanza, mwalimu. Uwe umepangiwa Ilemela, Magu au kule visiwani Ukerewe, utaambiwa mapema kwamba mtaala unatoka juu na kazi yetu ni kuufundisha tu. Maneno hayo ni kweli nusu. Mitaala inaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na hakuna halmashauri inayojitungia wa kwake. Hii mipya, iliyokwenda pamoja na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, ilianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu.

Nusu iliyobaki iko mikononi mwako. Muhtasari wa somo, unaotokana na mtaala huo, unakuambia mtoto afikie umahiri gani. Haukuambii wiki ipi watoto wa kijiji chako watakuwepo darasani, wala mfano upi watauelewa. Hayo tunayapanga sisi, kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada utakazofundisha wiki kwa wiki.

Chukua shule za karibu na mwalo, pale wavuvi wanapopakulia samaki. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo kazi hushika kasi siku za giza na kulegea mwezi unapokuwa mpevu. Siku za giza kunakuwa na dagaa wa kuanika asubuhi, na kuna wazazi wanaowabakiza watoto wawasaidie. Utoro huo usiuzoee hata kidogo: ongea na mzazi, peleka suala kwenye kamati ya shule. Lakini wakati mnapambana nao, kwa nini uanzishe mada ngumu ya hisabati wiki ambayo madawati yana mapengo? Shule moja niliyofundisha ilipanga mada mpya nzito kwenye mbalamwezi, marudio na mazoezi kwenye giza. Mada zote zilimalizika ndani ya muhula. Wathibiti ubora wa shule walipouliza sababu, mwalimu wa taaluma aliwafungulia daftari la mahudhurio kando ya azimio, wakaona wenyewe.

Sasa safu ya maoni, ile ya mwisho kabisa kwenye azimio. Fungua maazimio ya walimu wengi utakuta ukurasa mzima umeandikwa “mada imefundishwa na imeeleweka”. Inaniumiza, kwa sababu hapo ndipo uboreshaji wa mtaala wilayani unapoanzia au kufia. Andika hivi: “Darasa la tatu, sehemu. Nusu na robo wanazijua kwa picha. Wakiulizwa ipi kubwa kati ya 1/3 na 1/4, wengi wanataja 1/4 kwa kuwa 4 inaizidi 3. Niligawa ndoo ya dagaa kwa watu watatu, kisha wanne. Walipoona fungu linapungua, wengi walirekebisha jibu wenyewe. Mwakani nianze na ndoo.” Mwenzako akisoma hayo anaingia darasani akiwa na pa kuanzia.

Maoni ya namna hiyo yapeleke kwenye jumuiya ya kujifunza ya shule yenu, chini ya mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nenda na madaftari ya wanafunzi, kosa lionekane mezani, maana kikao cha maneno matupu huishia kwenye kulalamikia wingi wa wanafunzi. Shule kadhaa za kata zikikutana na kosa lilelile, Afisa Elimu Kata ana hoja ya kumpelekea Afisa Elimu Taaluma wa halmashauri, na hapo mafunzo kazini yanalenga mada inayowasumbua walimu kweli. Hata Taasisi inapokusanya maoni ya walimu, wilaya yenye kumbukumbu kama hizo ina la kusema.

Usisubiri matokeo ya upimaji wa darasa la nne ndipo ujue pa kurekebisha. Yakitoka, watoto hao wameshavuka darasa. Na ukipangiwa darasa la kwanza vijijini Kwimba au Misungwi, andika pia maneno ya Kiswahili yaliyowakwamisha watoto waliokuja wakiongea Kisukuma nyumbani.

Taarifa ya jumuiya itaje darasa, mada, kosa lenyewe na mlichojaribu. Nakala ibaki kwa mwalimu wa taaluma, usiondoke nayo ukihamishwa, kwa sababu atakayelipokea darasa lako Januari atataka kujua uliishia wapi.