Nimeweka samaki wa baharini, asubuhi wote wanaelea

SWALI: Shikamoo anko, mi niko Mwanga, Kigoma. Nimeanzisha tangi la samaki wa baharini na matumbawe, maji nikachota ziwani nikatia chumvi ya Uvinza, siku hiyohiyo nikaweka samaki wote, asubuhi wamekufa. Shida ni maji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji yamo ila kubwa ni haraka. Chumvi ya Uvinza iache kwa dagaa, matumbawe yanataka na kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo tafuta chumvi maalumu ya matangi, kama gramu 35 kwa lita. Sasa tangi jipya halina bakteria, uchafu wa samaki unatoa amonia na hakuna wa kuimaliza, inawaunguza mashavu wanakufa. Weka mawe, washa pampu, tupia chakula kidogo kiozee humo ili bakteria wa kula amonia wazaliane, usubiri kama wiki 4 mpaka 6 huku unapima, amonia na nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zikisoma 0 ndo unaweka samaki mmoja, sio kumi! Katikati utaona utando wa kahawia kila mahali, usipaniki, unaisha wenyewe (wengi hapo wanamwaga kila kitu, sijui kwa nini). Matumbawe baadaye sana. Na maji yakipungua ongeza yasiyo na chumvi, chumvi haipai na mvuke.