Kwenye Matanga Nilimwambia Hakuna Mungu

"Hujambo, shangazi? Nina miaka 31, ni fundi wa kuchomelea hapa Kisumu. Nililelewa kanisani, lakini huu mwaka wa sita siamini kwamba kuna Mungu. Rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza ameokoka. Juzijuzi alifiwa na mama. Usiku wa matanga akasema Mungu alimpenda mama kuliko sisi, nami nikamjibu mbele ya watu kwamba hakuna Mungu, kilichomuua ni malaria iliyocheleweshwa. Tangu hapo hapokei simu zangu. Sasa mkewe ameniambia mumewe ana presha na ameacha dawa, maana mhubiri wake amemwambia ameshapona. Nimwambie ukweli au niheshimu imani yake? Nikinyamaza najiona mnafiki." – Fundi, Nyalenda

Mpwa wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Umefunga mambo mawili kwa kamba moja.

La matanga, ulikosea. Kuhusu malaria huenda ulisema kweli; sisi wa kandokando ya ziwa tunaujua ugonjwa huo na tunajua unavyoondoka na mtu kwa siku chache. Lakini rafiki yako hakuwa akitoa hoja. Alikuwa mtoto anayemlilia mamake, ameshika neno la kwanza lililomshikilia. Na fikiria alichosikia kwako: kwamba mama angepona kama wangemwahisha hospitali. Hukumgusa Mungu wake peke yake, ulimtwika na lawama ya kifo cha mamake, mbele ya jamaa zake.

Nenda kwake kwa miguu yako, simu achana nayo. Mwambie, "Ndugu yangu, nilikukosea usiku ule," kisha unyamaze. Usiongeze "lakini". Kumwomba msamaha si kukiri kwamba Mungu yupo.

Mimi ni mtu wa kanisa, nakwambia wazi, na siandiki haya kukurudisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 32 cha uhuru wa imani, inamlinda yeye na wewe sawasawa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 750,000 wasio na dini. Na chama cha wasioamini kilipopata usajili mwaka 2016, usajili huo ulisimamishwa mwaka huohuo, kwa hiyo naelewa kwamba mara nyingi ni ninyi mnaoambiwa mfunge mdomo. Mimi sikuambii hivyo. Akikuuliza unaamini nini, mjibu kama moyo wako ulivyo. Akitaka mbishane hadi usiku wa manane, bishaneni. Akiombea chakula, tulia mpaka amalize. Huo si unafiki, ni adabu ya mezani. Kesha lake na fungu lake la kumi mwachie mwenyewe.

Dawa ni jambo lingine kabisa.

Kaka yangu alikuwa na presha. Mhubiri mmoja akamwambia amefunguliwa, na kwamba kurudia vidonge ni kukosa imani. Nilikuwa nikienda kwake naliona kopo la dawa juu ya kabati, limeshika vumbi. Nikanyamaza. Nilijiambia ni imani yake, nami sikutaka ugomvi nyumbani. Presha hudanganya hivyo: mtu hasikii maumivu, anajiona mzima. Alianguka bafuni akiwa na miaka 52, kiharusi, na hakuamka tena. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa kule Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, nililia nikilikumbuka lile kopo. Nilikuwa mwamini mwenzake, ningesikilizwa, na sikusema neno.

Kwa hiyo sema, mwanangu. Ila usiseme habari za Mungu, kwa sababu ukimtaja tu, atamtetea Mungu na dawa zitasahaulika. Zungumza naye kwa lugha ya imani yake. Hospitali za Maseno, Kaimosi na Mumias zilianzishwa na wamisionari. Wale waliomhubiri Kristo huku kwetu ndio walioleta na dawa. Mwambie kama kweli amepona, kipimo kitaonyesha, na daktari mwenyewe ndiye atakayempunguzia vidonge. Kisha mwambie twende tukapimwe wote wawili, na wewe uwe wa kwanza kukunja mkono wa shati. Mhubiri wake usimtukane hata kidogo. Mkewe tayari yuko upande wako. Mwombe akutafutie mzee mmoja wa kanisa lao ambaye naye anameza dawa na haoni haya kusema. Neno la huyo litafika mahali ambapo lako haliwezi kufika.

Nenda Jumapili hii akishatoka ibadani. Msamaha uwe siku hiyo, kipimo kisipite Jumatano. Halafu niandikie uniambie kilisoma ngapi.